Zamu za Solo Zilizopitiliza: Skatalites Katika Ukumbi wa Blue Monk

Maadamu wasomaji wa safu hii wameusikiliza mkanda ule wa kundi la ska la Skatalites, na baadhi yenu, najua, mmeusikiliza zaidi yangu, sitapoteza wino kuwaeleza ni nani waliokusanyika mwaka 1983 katika ukumbi mdogo wa Blue Monk Jazz Gallery mjini Kingston, wala kwa nini kukusanyika kwao, kundi likiwa limevunjika tangu Agosti 1965, kulikuwa jambo la kushukuriwa. Lloyd Knibb alizipiga dramu zake kama inavyopasa, besi la Lloyd Brevett halikupotoka, na Jah Jerry Haynes aliligonga gitaa pale palipostahili kugongwa. Hayo yatosha. Lililonikalisha kitako kuandika ni shauri moja tu walilolipitisha, ambalo kwa rai yangu lilikuwa kosa la dhahiri shahiri, nalo ni kuzirefusha tungo za dakika tatu kwa kumgawia kila mpulizaji zamu yake ya solo, huyu akishuka yule akipanda, hata katika tungo za Don Drummond, aliyekuwa mpiga tromboni wao, ambazo hazikujengwa ili zibebe mzigo huo.

Utwaeni wakati ule mnaoujua. Kiitikio kimekwisha kupulizwa na wote kwa pamoja, sikio limekwisha kukishika, saksafoni ya kwanza imesimama ikasema neno lake, na neno limefika. Hapo, kwa kila kanuni ya ska niijuayo, wapulizaji wote hurudi kwa kishindo, wakakitwaa tena kile kiitikio kabla hakijapoa, na wimbo ukafungwa ilhali msikilizaji angali na hamu. Lakini pale Blue Monk hawarudi. Asimama wa pili, na yeye, kwa kuwa ni fundi mwenye umri na heshima yake, hawezi kusema machache kuliko aliyemtangulia. Kisha wa tatu, ambaye ghala la nyimbo alilolikuta limekwisha kufagiliwa na wenzake wawili. Na wakati kiitikio kinapokuja kurejea hatimaye, kimekuwa kama mgeni anayebisha hodi katika nyumba ambayo wenyeji wamekwisha kulala. Nilipoyasikia hayo mara ya kwanza nilidhani ni taksiri ya wimbo mmoja. La, hasha. Ndilo shauri lenyewe lililoshikwa, tena kwa makusudi, mpaka kampuni ya ROIR ya New York, ilipoutoa mkanda huo miaka michache baadaye, ikaona fahari kuliandika kosa jaladani kuwa ndilo jina: Stretching Out.

Sababu ya kuwa kosa haiko katika ustadi wa wapulizaji, ambao sina ubishi nao, bali iko katika ridimu. Ridimu ya ska ya Knibb hukaza pigo la pili na la nne, kwa namna ambayo yeye mwenyewe aliichota kwa sehemu katika ngoma za burru za wapiga ngoma akina Count Ossie. Gitaa na piano hujibu katika nusu-pigo la kati. Na besi la Brevett hutembea juu ya mapigo yote manne bila kusimama wala kukimbia. Uzuri wa mtambo huo ni kwamba haubadiliki. Haumfuati mpulizaji, haumchokozi, haumuulizi swali. Sasa mlinganisheni Knibb na mpiga dramu Elvin Jones nyuma ya John Coltrane mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jones ambaye kila pumzi ya saksafoni aliijibu kwa pumzi ya ngozi na shaba, akaongeza, akapunguza, akavuruga kwa hikima, hata solo ya robo saa ikawa ni mazungumzo ya watu wawili wenye akili. Pale solo ndefu ina mwenzake wa kusema naye. Katika ska mpulizaji asema peke yake mbele ya saa ya ukutani, na mtu asemaye peke yake mbele ya saa, awe fasaha namna gani, hana budi kuwa mfupi.

Najua nitajibiwa, kwa maana nimekwisha kujibiwa hivyo huko nyuma na watu ambao sitawataja, kwamba ufupi wa zamani haukuwa hiari bali ulikuwa amri ya santuri ndogo, ambayo upande wake mmoja kwa kawaida haukuchukua zaidi ya dakika tatu na ushei, na kwamba jukwaani, tangu walipoanza Juni 1964 katika klabu ya Hi-Hat huko Rae Town, mabwana hawa walikuwa wakipiga kwa urefu walioutaka. Nakiri urefu huo. Walakini wale walikuwa wakipigia wachezaji, na miguu ya wachezaji ni kadhi mkali kuliko mhariri yeyote: solo ikichosha, sakafu huonyesha. Ukumbi wa wasikilizaji hauna hukumu hiyo. Una adabu, na adabu hupiga makofi baada ya kila zamu, makofi yakamwita wa nne.

Tena ni ajabu kwamba kosa hili litendeke chini ya jina la Blue Monk, tungo ya Thelonious Monk, mtu ambaye katika jazi nzima hakuna aliyemshinda kwa kujua ni sauti ipi ya kuiacha isipigwe. Hapa ndipo linaponirudia lile donda langu la siku nyingi. Wako waandishi, na wako waandaaji wa maonyesho, wanaodhani kwamba ska haina heshima mpaka ivikwe joho la jazi, na kwamba joho la jazi ni urefu. Hawakuona kwamba vijana wa Alpha, ile shule ya watawa mjini Kingston iliyomlea Drummond, na Tommy McCook, na Johnny Moore, na Lester Sterling, walikuwa wanajazi tangu kabla ya ska kuzaliwa, na kwamba ska ndiyo iliyokuwa namna yao ya kuibana jazi ipite katika tundu la sindano.

Atakaye ushahidi na akisikilize kile kikao cha kurekodi cha Skatalites cha Novemba 1964 ambacho Justin Yap alikigharimia katika studio ya Coxsone Dodd, kwa ajili ya lebo yake ya Top Deck, kilichokesha hadi asubuhi na kikatoa Confucius miongoni mwa nyingine. Drummond mle hajibanzi wala haharakishi. Aingia na kiitikio chenye huzuni, tromboni yake ikiwa nzito kama ya mtu aliyekwisha kuamua, akakigeuza mara chache mno, akaondoka. Kila sauti mle ina kazi. Wiki chache tu zilikuwa zimemsalia za uhuru: Januari 1965 alimuua Anita Mahfood, mchezaji aliyejulikana kwa jina la Margarita, akapelekwa hospitali ya Bellevue, na humo akafa mwaka 1969. Sisemi hayo ili kuipamba sauti yake kwa msiba, jambo ambalo limefanywa kwa wingi hata likachukiza, wala sisahau kwamba katika kisa hicho aliyedhulumiwa ni yule mwanamke. Nasema tu kwamba mtunzi huyo hakuwapo Blue Monk kuzitetea tungo zake, na wenzake, ambao walikuwapo zilipozaliwa, ndio waliopasa kuzitetea.

Yuko mmoja ambaye hukumu hii haimgusi sana. McCook wa saksafoni, aliyezaliwa Havana mwaka 1927, alikuwa amekaa Nassau akipiga jazi, amemsikia Coltrane na kumwelewa, kabla hajarudi Jamaika mwaka 1962. Na katika Freedom Sounds, ambayo ni tungo yake mwenyewe, pana nafasi ya mtu kutembea. Laiti ningaliulizwa mimi katika mazoezi, ningaliagiza kwamba wimbo huo, na huo peke yake, McCook aachiwe mpaka atosheke. Kwamba Roland Alphonso, mzaliwa mwenzake wa Havana, ambaye saksafoni yake ni laini zaidi na yenye mzaha, amjibu kwa ubeti mmoja usiozidi. Na kwamba katika tungo za Drummond tromboni ibaki chini pamoja na wenziwe, ikijaza sauti ya kati ambayo kundi haliwezi kusimama bila yake, solo akiitwaa Johnny Moore kwa tarumbeta, aipulize mara moja, ashushe. Kwa hesabu hiyo zingalipatikana nyimbo nyingi zaidi kwa usiku uleule, na Knibb angaliweza kupumzisha mikono kabla ya kwenda kuitumia tena katika tamasha la Reggae Sunsplash mwaka huohuo.