Mkaguzi Mwenye Ndoo na Saa

Kupima shawa ni kazi ya watu wawili. Mmoja huifungua mpaka mwisho na kukinga ndoo, mwingine hutazama saa. Ndoo ya lita 10 ikijaa kwa dakika moja, shawa hiyo inamwaga lita 10 kwa dakika, hata kama mchoro wa mhandisi uliahidi 6. Mkaguzi huandika alichokiona, hupiga picha, kisha hupanda ghorofa inayofuata. Naiheshimu kazi hii kuliko nyingi zinazofanywa kwenye majengo ya Nairobi, na heshima yangu huongezeka nikikumbuka kwamba mwenye jengo ndiye aliyemwita mkaguzi kwa hiari yake.

Mkaguzi huja kwa ajili ya cheti cha jengo lisilofuja nishati na maji. Kinachojulikana sana ni EDGE, kilichoanzishwa mwaka 2014 na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalofadhili sekta binafsi. Sharti lake la mwanzo lilikuwa fupi: jengo liokoe asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapohapo. Kwangu, busara yote imo katika ulinganisho huo. Nairobi iko mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Hatuna haja ya kiyoyozi, na baridi ya Julai tunaimaliza kwa blanketi. Basi umeme wa nyumba ya Umoja au Kayole, mitaa ya Eastlands mashariki mwa jiji, unakwenda wapi?

Sehemu kubwa huishia bafuni. Shawa nyingi za umeme hula wati 5,000 au zaidi. Familia ya watu wanne, kila mmoja akioga dakika kumi kwa siku, humaliza karibu uniti 100 za umeme wa tokeni kwa mwezi kwa kuoga tu. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku haifikishi hata uniti 2. Anayejua hesabu hii hupeleka pesa zake juu ya paa, kwenye mtambo wa sola wa kupasha maji. Mwaka 2012 serikali ilitoa kanuni za kulazimisha mitambo hiyo kwa majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku, lakini paa nyingi za Eastlands bado zimebeba matangi ya maji baridi peke yake.

Lakini ustadi wenyewe huanza kabla ya paa, siku msanifu anapoamua jengo lilale vipi kwenye ploti. Tuko digrii moja na ushei kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua huwa utosini au karibu nao. Mwezi Juni huegemea kaskazini, Desemba kusini. Ukuta unaotazama pande hizo hukingwa na upenu mfupi tu. Jua la saa kumi jioni halizuiliki hivyo. Huja chinichini kutoka magharibi, hupita chini ya upenu na kuingia mpaka kitandani. Kwa hiyo msanifu hodari huweka madirisha makubwa kaskazini na kusini, na upande wa magharibi huuachia ngazi, vyoo na stoo. Uamuzi huo hauongezi gharama ya saruji, na mpangaji atafaidika nao kila siku bila kujua nani aliufanya.

Wazee wa kazi hii walilijua hilo kabla ya vyeti. Kaloleni, mtaa wa manispaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa mfano wa mji wa bustani, una nyumba za chini za mawe, paa za vigae, na nafasi ya kutosha kati ya nyumba na nyumba hata miti ikakua. Nenda sasa Pipeline au Tassia. Maghorofa yamebanana kiasi kwamba vyumba vya chini huwashwa taa adhuhuri, na nguo zilizoanikwa hukosa hata dakika chache za jua.

Kuna jambo Eastlands imelifanya vizuri muda wote, nalo ni jiwe. Jiwe la kuchonga kutoka machimbo ya Njiru halikupita tanurini. Programu ya EDGE, ambayo yeyote anaweza kuitumia bure kwenye intaneti, hupima mzigo wa kutengeneza saruji, chuma, kioo na tofali la kuchoma, na katika hesabu hiyo jiwe la asili husimama vizuri. Nafurahi kuona jasho la mchonga mawe likipewa thamani na kipimo cha kimataifa.

Kinachonivutia kuliko yote ni jinsi mkaguzi anavyoshughulika na vitu vitakavyofichwa. Cheti cha awali hutolewa kwa michoro; cha mwisho husubiri jengo likamilike na likaguliwe. Ikiwa kuna kizuia joto juu ya dari, lazima kipigwe picha kabla dari haijafungwa. Risiti za taa hulinganishwa na taa zenyewe ukutani. Fundi anayejua kwamba kazi yake itatazamwa hivyo huifanya kwa utulivu mwingine.

Kikwazo cha kujenga hivi ni kwamba landilodi hujenga, na mpangaji hulipa tokeni. Wawekezaji wakubwa wameshapata sababu ya kujali: mwaka 2019 kampuni ya Acorn ilikusanya shilingi bilioni 4.3 kwa hati fungani ya kijani ili kujenga hosteli za wanafunzi zenye cheti cha EDGE. Chama cha Wasanifu Majengo, AAK, nacho kimetunga kipimo chake, Safari Green Building Index. Mwenye ploti moja Umoja Innercore hajafikiwa na pesa hizo, lakini anaweza kusukumwa na wapangaji wake.

Kwa hiyo ukienda kutafuta nyumba, nenda saa sita mchana. Zima taa zote uone kama unaweza kusoma. Uliza dirisha la chumba cha kulala linatazama wapi. Kisha muulize landilodi maji ya kuoga yanapashwa na nini, na ni nani aliyelikagua jengo lake.