Kusoma Sikio la Kulungu

Kambi za kulungu zilizo nje ya mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, hupokea wageni majira ya baridi, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Mgeni huvalishwa suti nene, hukabidhiwa ndoo ya chakula awalishe wanyama, kisha hupandishwa kwenye sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji. Baadaye huingizwa ndani ya lávvu, hema la miti na turubai lenye moto katikati, akaletewa bakuli la bidos, mchuzi wa nyama ya kulungu, viazi na karoti. Mwenyeji huimba joik moja au mbili, nyimbo za jadi za Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini hiyo. Wageni hupiga picha, basi huwarudisha hotelini. Nimepitia ratiba hiyo na sina ugomvi nayo. Mchuzi ulikuwa mtamu, na mtu wa mbali hana njia nyingi za kufika huko. Ila kilichonikaa moyoni hakikuwamo kwenye ratiba. Kilikuwa kwenye masikio ya wanyama.

Kulungu ninayemsema si yule wa vichaka vyetu. Huyu ni wa Aktiki, mwenye manyoya mazito na pembe za matawi, na katika ukoo wake ndiye pekee ambaye majike nao huota pembe kama kawaida. Madume huangusha zao mwanzoni mwa majira ya baridi, baada ya msimu wa kupandana. Majike wenye mimba hubaki nazo karibu hadi wanapozaa mwezi Mei, na huzitumia kulinda mashimo waliyochimba kwenye theluji wakitafuta kuvumwani, kile kiumbe cha kijivu kinachotambaa juu ya mawe na udongo. Kwa hiyo wale kulungu wa kadi za Krismasi wanaovuta sleji wakiwa na pembe kichwani ni majike, au madume waliohasiwa. Mchoraji hakuwaza hayo.

Ukiwasogelea utaona kwamba hakuna sikio lililo zima. Ncha zimekatwa, kingo zina mapengo. Mwenyeji wetu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alichukua kipande cha katoni, akakata masikio mawili kwa mkasi, akayashika kando ya kichwa chake na kuanza kueleza.

Mikato hiyo ni hati ya umiliki. Kila mfugaji ana alama yake iliyosajiliwa, na wafugaji wa eneo moja hawaruhusiwi kuwa na alama zinazokaribiana kiasi cha kuchanganya. Alama imegawanywa katika masikio mawili na lazima yasomwe pamoja. Ncha ya sikio inaweza kukatwa moja kwa moja, au mshazari, au kupasuliwa ikawa na panda. Kwenye ukingo wa juu au wa chini hufuata pengo dogo la pembetatu, au mawili, au mkato wenye vidaraja. Sikio la pili lina mpangilio wake. Kila umbo lina jina kwa Kisami, hivyo mchungaji aliyeko upande mmoja wa mlima anaweza kumtajia mwenzake kwa simu alama ya mnyama aliyepotea, na yule wa upande wa pili akaiona kichwani bila mchoro.

Mara nyingi alama ya mtoto hutokana na ya wazazi wake, pengo moja likiongezwa au kubadilishwa mahali, kiasi kwamba mzee anayezijua koo za kwao akikutana na sikio geni hukisia ni la nyumba gani. Na mtoto huanza kumiliki mapema. Desturi ya kumpa kulungu anapobatizwa, na mwingine kutoka kwa mtu wa kwanza kuliona jino lake, iliandikwa na Johannes Schefferus katika kitabu chake Lapponia mwaka 1673. Mama yule alitania kwamba wajomba wabahili hawachungulii kinywa cha mtoto mchanga.

Kazi yenyewe ya kukata masikio hufanywa kiangazi, mwishoni mwa Juni na mwezi Julai, ndama wakiwa na wiki chache tu. Aghalabu hufanywa usiku. Majira hayo jua halitui, kwa hiyo usiku huko hauna giza, una ubaridi. Kumkimbiza ndama kwenye joto la mchana kunaweza kumchosha hadi kumuua. Kundi husukumwa ndani ya zizi kubwa la wavu, na kulungu wakishabanwa huanza kuzunguka, mara nyingi kinyume cha mwendo wa saa, mamia kwa mamia, kano za miguu zikialika kila hatua. Majike hukoroma wakiwaita ndama, ndama hujibu. Katikati ya mzunguko huo husimama watu wenye kamba mkononi, na kwa muda mrefu hawafanyi lolote. Mpita njia angedhani wanapumzika.

Wanasoma. Ndama hana alama, kwa hiyo hana mwenyewe anayeonekana. Hati yake imo kwenye masikio ya mama yake, na mama huyo anakimbia, amezungukwa na majike wengine wa rangi ileile, masikio yakichezacheza kufukuza mbu. Mfugaji lazima alione pengo la ukubwa wa kucha akiwa mbali, alisome sikio la kushoto na la kulia, akumbuke alama ni ya nani katika jamaa yake, yake mwenyewe au ya mkewe au ya binti aliyeko chuoni. Halafu ahakikishe kwamba ndama anayemfuata jike yule ni wake kweli, hakusombwa na mkumbo tu. Akiwa na shaka, huwaacha wapite. Watazunguka tena.

Hapo ndipo ninapouona ufundi mkubwa kuliko wote. Sisi tumezoea kusifu mkono: mkono wa seremala, mkono wa mfinyanzi, kisu kinavyokwenda. Katika kazi hii kisu huja mwisho, jicho likishamaliza.

Kabla ya kisu kuna kamba ya kitanzi. Zamani kamba hizi zilisukwa kwa ngozi au mizizi ya miti. Siku hizi ni za plastiki, zenye rangi kali ya chungwa au njano zisipotee kwenye theluji. Kipete ambamo kamba hupita kwa jadi hutengenezwa kwa pembe ya kulungu. Kambini tulipewa kamba hizo tuzirushe kwenye pembe zilizochomekwa chini. Kwa mtalii huo ni mchezo wa kupitisha muda akisubiri mchuzi. Mtoto wa mfugaji huanza hivyohivyo, akakua akirusha, hadi siku anapokabidhiwa ndama halisi.

Ndama akishanaswa hubanwa katikati ya magoti. Kisu ni kidogo, kikali kama wembe, na mpini wake aghalabu ni wa mti wa betula au pembe, hata yote mawili kwa pamoja. Mikato hukamilika kwa sekunde chache, lakini fikiria kilichomo ndani ya sekunde hizo: sikio lile bado litakua, kwa hiyo mkataji hukata akiliwaza sikio la mnyama mzima, manyoya ya baridi yatakayofunika kingo, na mtu mwingine atakayelisoma kwa mbali miaka mingi baadaye. Pengo likiwa hafifu halitaonekana. Ndama huachiwa, hutikisa kichwa, hukimbilia sauti ya mama yake.

Vipande vilivyokatwa havitupwi. Hutiwa mfukoni au hutungwa kwenye uzi, na kazi ikiisha ndivyo vinavyohesabiwa kujua ni ndama wangapi waliowekwa alama. Hesabu hiyo ni ya nyumbani. Kumuuliza Msami ana kulungu wangapi ni sawa na kumuuliza ana fedha kiasi gani benki. Msomaji aliyekua jirani na Wamasai hahitaji kuelezwa zaidi, maana huko nako masikio ya ng'ombe hukatwa alama, na mgeni hatajiwi idadi ya mifugo.

Asidhani mtu kwamba nasifu watu walioganda katika zama za kale. Pikipiki za theluji zilianza kuingia miaka ya 1960 na kubadili uchungaji wote; leo kuna droni na kola zinazoonyesha mnyama alipo. Baadhi ya wafugaji huwavalisha ndama vibao vya namba shingoni, huwaachia, kisha hukaa pembeni na darubini na daftari, wakiandika namba ipi inamfuata jike yupi. Utaratibu huo hupunguza mbio. Haupunguzi kusoma.

Kinachoutishia ufundi huu ni vitu vingine. Mvua ikinyesha katikati ya baridi, maji hugeuka barafu juu ya theluji na chakula hufungiwa chini. Ndiyo maana wafugaji wengi sasa hulazimika kununua chakula cha mifugo, kile nilichokibeba kwenye ndoo. Malisho nayo yanakatwa na barabara, migodi na mitambo ya upepo. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba vibali vya mitambo ya upepo katika eneo la Fosen vilikiuka haki ya wafugaji wa Kisami kuendeleza utamaduni wao. Mtu aliyesikia habari hiyo redioni huenda alishangaa utamaduni umeingiaje kwenye kesi ya umeme. Umeingia kwa sababu karakana ya ufundi huu ni mlima wenyewe, na kundi lisilo na malisho halina ndama wa kukatwa sikio. Lugha nayo ilipigwa: kwa miongo mingi shule za serikali ziliwanyima watoto wa Kisami lugha yao, jambo ambalo Mfalme Harald wa Norway aliliombea radhi mwaka 1997. Majina ya mikato yote yamo ndani ya lugha hiyo.

Waswahili hawako mbali na huko kama inavyodhaniwa. Wapo Oslo, Stockholm na Helsinki, na Wakongo wengi wamepewa makazi katika miji midogo ya kaskazini. Ndugu uliye huko, ukipata nafasi ya kuzuru, chagua kambi inayomilikiwa na kuendeshwa na Wasami wenyewe. Upande wa Finland wamelalamika kwa miaka mingi kwamba biashara za utalii huwavisha watu wasio Wasami mavazi ya kuigiza. Usiulize wana kulungu wangapi. Uliza alama ya familia, ncha na mapengo, kushoto na kulia, na uwe tayari kukaa kuliko basi lilivyopanga.