Nusu Lita ya Maji ya Chumvi

Maji yenyewe hupita puani kwa muda usiozidi dakika moja. Kuyaandaa ndiko kunakokula jioni nzima, na huko ndiko mtu anakomjua fundi.

Aprili ikiingia Silver Spring, jimboni Maryland, kaskazini tu mwa Washington, magari huamka yamefunikwa vumbi la manjano na nusu ya watu hupumua kwa mdomo. Wageni huyalaumu maua ya micheri ya bwawa la Tidal Basin jijini Washington, ile iliyoletwa kutoka Tokyo mwaka 1912. Wanayaonea. Chavua ya mcheri ni nzito na hubebwa na nyuki. Wakosaji ni mialoni na miti ya birch, ambayo haina maua ya kupigwa picha bali humwaga chavua yake kwenye upepo, na upepo hauchagui pua.

Mama niliyemtazama akifanya kazi hii ya kusafisha pua kwa maji ya chumvi ni mzaliwa wa Mombasa, muuguzi mstaafu. Majirani zake wa Afrika Mashariki pua zikiwaziba humpigia simu yeye kabla ya kwenda duka la dawa. Huwajibu wote kwa swali moja: maji mmeshachemsha?

Huanza na sufuria ndogo ya chuma, hutia maji kuzidi kidogo nusu lita, kwa kuwa mengine yataondoka na mvuke. Hawashi saa mpaka maji yatokote kwelikweli, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini na kupasuka juu. Hapo ndipo huhesabu dakika 5. Vipovu vidogo vinavyong'ang'ania ukingoni mwa sufuria havimshughulishi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ambayo makao yake makuu yako hapo hapo Silver Spring katika mtaa wa White Oak, hushauri dakika 3 hadi 5. Yeye huchukua 5.

Mgeni angeuliza, maji ya bomba ya Marekani yana kasoro gani? Kwa kunywa, kwa kawaida hayana. Jiji la Washington hunywa maji ya Mto Potomac yaliyosafishwa, ingawa hata huko, Julai 2024, wakazi waliambiwa wachemshe kwanza baada ya mwani kutatiza mitambo ya kusafishia. Lakini tumbo lina tindikali ya kuua vijidudu, na pua haina. Mwaka 2011 watu wawili wa jimbo la Louisiana walikufa baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba. Ndani yake mlikuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri, ambaye akimezwa hana madhara, ila akipandishwa puani hufuata mshipa wa kunusia hadi kwenye ubongo. Visa vya namna hiyo ni nadra sana. Mama huyu anavijua, na ndiyo maana hanyanyui sufuria kabla ya wakati wake.

Jiko likizimwa, hufunika sufuria kwa mfuniko wake na kuiacha. Haiweki kwenye friji. Hayachanganyi maji hayo na maji baridi ya bomba ili yapoe upesi, kwani hapo angekuwa ameirudia kazi kutoka mwanzo. Nilinyoosha mkono kutaka kufunua.

"Usiyashike hayo, mwanangu. Bado."

Wakati maji yanapoa, hushughulikia chumvi. Hatumii ya mezani yenye madini joto, wala ile iliyotiwa dawa ya kuzuia isigande, maana vyote viwili huweza kuwasha pua. Hununua chumvi ya kutengenezea achari, nyeupe na laini, na kabla ya kuilipia hugeuza pakiti asome nyuma: paandikwe chumvi, na chumvi tu. Kisha huitoa mizani ndogo ya jikoni ya betri, huweka kibakuli, hurudisha namba kwenye sifuri na kuanza kudondosha. Gramu 4 na nusu kwa nusu lita. Ikizidi, huchota kwa ncha ya kisu na kurudisha.

Mizani hiyo ilinishangaza, kwa sababu watu wengi hutumia kijiko. Alinieleza huku akikung'uta kibakuli. Chumvi ya punje kubwa kwenye kijiko cha chai huweza kuwa nusu tu ya uzito wa chumvi laini kwenye kijiko kile kile. Anayefuata kijiko, siku moja hupata maji chapwa na siku nyingine maji ya bahari. Kinachotafutwa ni gramu 9 kwa lita, chumvi inayokaribiana na ya maji ya mwilini. Maji matupu huingia kwenye chembe za ngozi ya pua, zikavimba na kuuma, kama anavyojua kila aliyewahi kupaliwa akiogelea mtoni. Yakizidi chumvi, huvuta maji kutoka kwenye ngozi na kuichoma. Mwisho huongeza baikaboneti ya soda kidogo, ncha ya kijiko, ili kupunguza ukali. Wapo wanaochanganya hiyo na beking pauda, na hao huwafokea.

Maji yamepoa. Hunawa mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri kwa karatasi safi, hupima nusu lita, huyeyusha chumvi, kisha hujaza chupa laini ya plastiki yenye ncha ya mviringo. Inachukua mililita 240, kwa hiyo ni chupa moja kwa kila tundu la pua. Tone moja hulitua ndani ya kifundo cha mkono, kama apimaye maziwa ya mtoto. Yasisikike moto wala baridi.

Huinama juu ya sinki, uso ukitazama chini, kichwa amekigeuza kidogo upande. Mdomo wazi, pumzi inapita mdomoni. Ncha ya chupa huziba tundu moja la pua bila kusukumwa ndani. Kisha hubinya, polepole na kwa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho, huku akitamka "ka, ka, ka" ili kaakaa laini lipande na maji yasiteremke kooni. Kwa muda mfupi hakuna kitu. Halafu maji hutokea tundu la pili, kwanza matone, kisha mfereji mwembamba ulio safi, na ghafla uzi mzito wa kamasi ya kijivu unaoning'inia, unarefuka, unakatika. Haharakishi. Chupa ikiisha, huijaza tena na kuhamia upande wa pili.

Utulivu huo wa mkono ameanza nao utotoni. Aliyekua akitawadha mara tano kwa siku, akivuta maji puani na kuyapenga kwa mkono wa kushoto, haogopi maji puani kama wanavyoogopa wengine. Tofauti ni kwamba maji ya udhu huishia mbele, na haya huzunguka ndani yakachukua chavua na kamasi.

Kupenga nako kuna adabu yake. Hapengi kwa kubana tundu moja, kwani nguvu hiyo huweza kusukuma maji hadi sikioni. Huacha matundu yote mawili wazi na kupuliza taratibu, kisha hukaa ameinama, akigeuza kichwa kulia na kushoto mpaka la mwisho lidondoke. Mwenye dawa ya daktari ya kupuliza puani huitumia baada ya hapo, maana sasa itafika ilikotumwa. Chupa huoshwa kwa sabuni, husuuzwa kwa maji yaliyochemshwa, na kuachwa wazi ikauke. Maji yaliyochemshwa ambayo hayajatiwa chumvi huwekwa kwenye chombo safi kilichofungwa, na baada ya saa 24 humwagwa.

Nilipokuwa pale, jirani mmoja alipiga simu kuuliza vipimo. Mama alitaka kwanza kujua kama sikio linamuuma. Aliposikia linamuuma, tena ana homa, hakumpa kipimo hata kimoja. Alimwambia akapige simu kwa daktari asubuhi. Nawe msomaji, kama pua yako imeziba zaidi ya siku 10, au una homa, au sikio au uso unauma, jibu lake kwako lingekuwa hilo hilo.