Ronald Wayne hakuwa mwoga

Wandugu, kila tunapoitwa kwenye mafunzo ya kuanzisha biashara, hadithi iko ile ile. Vijana wawili, garaji moja, hakuna franga, halafu Apple. Mwenye kutufundisha anamaliza kwa kuuliza: na wewe unangoja nini? Kuna pia dakika ya kucheka. Ni pale anapotaja mtu wa tatu, Ronald Wayne, aliyekuwa na asilimia 10 ya Apple akairudisha baada ya siku 12, akapokea dola 800. Watu wote wanacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka.

Mwaka huu nimesoma vitabu vitatu juu ya mwanzo wa Apple, kimoja baada ya kingine, na sicheki tena.

Cha kwanza ni kile kila mtu anakijua, *Steve Jobs* cha Walter Isaacson, kilichotoka Oktoba 2011, majuma machache tu baada ya Jobs kufariki. Kinasomeka vizuri, hata ukiwa umechoka. Na habari muhimu zimo. Isaacson anaeleza kwamba mwaka 1976 Paul Terrell, mwenye duka la Byte Shop, aliagiza kompyuta 50, kila moja dola 500, malipo siku ya kupokea. Anaeleza pia kwamba muuzaji wa vipuri alikubali kuwapa mali kwa mkopo wa siku 30, baada ya kuhakikisha na Terrell mwenyewe kwamba agizo lipo kweli. Piga hesabu: dola 25,000 zinawangojea, na wana siku 30 za kulipa deni. Hiyo si "hakuna franga." Hiyo ni soko lililokwisha kupatikana kabla ya kazi kuanza.

Shida yangu na Isaacson iko kwenye mpangilio. Kila kitu kinachofaulu kinageuka ushahidi wa tabia ya Jobs: ukali wake, macho yake, namna yake ya kulazimisha watu. Terrell anapita kama mlango ambao Jobs aliusukuma. Lakini ili usukume mlango, lazima kwanza mlango uwepo. Karibu na nyumba ya wazazi wake Jobs, kule Los Altos, kulikuwa na duka la kompyuta, wauzaji wa vipuri, na wahandisi waliokutana kwenye Homebrew Computer Club tangu Machi 1975. Ukifunga kitabu, unakumbuka mtu mmoja tu. Mahali umepasahau.

Cha pili ni *iWoz* cha mwaka 2006, ambacho Steve Wozniak alikitunga pamoja na Gina Smith. Huyu anaongea kama mtu aliyekaa nawe barazani: anajirudia, anajisifu kidogo kwa namna alivyopunguza idadi ya vipuri, anacheka utani wake mwenyewe. Nilimpenda. Na anasema kitu ambacho wafundishaji wetu hawasemi: alipobuni ile kompyuta ya kwanza alikuwa na kazi ya mshahara kwa Hewlett-Packard. Aliipeleka kwanza kwa waajiri wake, wakaikataa. Baadaye Mike Markkula alipokuja na ahadi ya dola 250,000, sharti lake lilikuwa Wozniak aache kazi. Jibu la kwanza la Wozniak lilikuwa hapana. Yule tunayeambiwa alirukia maji bila kuogopa, kumbe alitaka kubaki na mshahara wake. Kuhusu garaji, mwaka 2014 alisema waziwazi kwamba hadithi hiyo imepambwa. Kubuni hakukufanyika pale. Ila kwa mambo ya fedha, *iWoz* inakuacha na njaa.

Cha tatu ndicho ninachokipendekeza zaidi: *The Little Kingdom* cha Michael Moritz, cha mwaka 1984. Moritz alikuwa mwandishi wa gazeti la *Time*. Kina majina mengi, na ukurasa unaenda polepole. Lakini mwaka 1984 hakuna aliyejua mwisho. Jobs alikuwa hajafukuzwa, hajarudi, hakukuwa na simu ya iPhone ya kutufanya tuone kila kitu cha zamani kama unabii. Apple ya Moritz ni kampuni inayoweza bado kuanguka, na kwa hiyo unaona kila mtu anayeishikilia isianguke.

Sasa turudi kwa Wayne. Mkataba wa tarehe 1 Aprili 1976 ulikuwa wa ushirika wa kawaida: deni la kampuni ni deni la kila mshirika, mpaka mali ya nyumbani kwake. Jobs alikuwa na miaka 21, Wozniak 25, na hawakuwa na kitu cha kukamatwa. Wayne alikuwa na zaidi ya miaka 40. Kampuni yake ya mashine za kamari ilikuwa imeshaanguka, akabaki na madeni ya kulipa. Agizo la Terrell lingeharibika, mwenye kudai angebisha kwa nani? Kwake. Yeye ndiye aliyekuwa na hesabu sahihi siku ile. Isaacson anayajua haya na anayaandika, lakini kwa haraka, kama mtu anayesubiri shujaa arudi.

Niseme kwa nini imenigusa. Baada ya licence tulikuwa watatu, tukapanga kulima nyanya kwa mkopo. Juma la pili mwenzetu mmoja akajitoa. Tulimwita muoga, tena mbele ya watu. "Acha aende, atalia siku tutapata franga." Msimu ule mvua ilizidi, mildiou ikala shamba, na tulilipa deni muda mrefu. Lakini hata kama nyanya zingetoka nzuri, tulikuwa tumemkosea. Dhamana ya ule mkopo ingekuwa parcelle ya mama yake. Mimi na yule mwingine hatukuwa na parcelle. Ilikuwa rahisi kwetu kuwa na moyo wa simba.

Sisemi tusianze kitu. Nasema siku nyingine mtu akituletea garaji, tumuulize maswali matatu: nani ameshaagiza? nani anatoa siku 30? na mambo yakiharibika, nyumba ya nani inaenda? Vitabu hivi vinajibu yote matatu kwa Apple, ukivisoma pamoja. Anza na Moritz, fuata Wozniak, Isaacson awe wa mwisho. Mwenye nacho ampitishie mwenzake.

Na kama wewe ndiwe ulijitoa siku ile, na unasoma hapa: utusamehe, ndugu.