Mwanafunzi wa lugha ya kigeni apewe jembe, asitelekezwe

Kuna kauli moja ambayo imekuwa wimbo katika vyuo vikuu vyetu: "Nendeni mkajisomee." Mhadhiri wa Kijerumani au Kifaransa hufundisha saa chache kwa wiki, kisha huwaachia wanafunzi kauli hiyo na kwenda zake. Muhula unapokwisha hushangaa kuona vijana wanaojaza majedwali ya vitenzi bila kosa, lakini wakisalimiwa na Mjerumani wanabaki kutabasamu tu. Sina ugomvi na wazo la mwanafunzi kujitegemea. Ugomvi wangu ni kwamba kujitegemea kumegeuzwa kuwa jina la heshima la kutelekezwa.

Chukua mfano wa Voi. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati mwaka wa 2016 baada ya kuwa chuo kishiriki cha JKUAT, kinasifika kwa uhandisi wa madini. Kupitia kituo chake cha CEMEREM, kilichoanzishwa kwa ufadhili wa DAAD, kina uhusiano na vyuo vya Ujerumani kikiwemo HTW Dresden. Kijana wa pale anayetamani kuendelea na masomo huko hawezi kukichukulia Kijerumani kama pambo. Hata kozi yenyewe ikifundishwa kwa Kiingereza, kukodi chumba, kumweleza daktari anakoumwa na kutafuta kibarua ni mambo yanayodai lugha ya wenyeji. Ilhali Taasisi ya Goethe iko Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Voi. Kwa mwanafunzi huyu, kujifunza nje ya darasa si anasa. Ndiyo njia aliyo nayo.

Je, wataalamu wanasemaje? Henri Holec wa Chuo Kikuu cha Nancy, Ufaransa, aliliandikia Baraza la Ulaya kazi iliyochapishwa kama kitabu mwaka wa 1981, na ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mjadala huu. Kwake, mwanafunzi huru ni yule anayeweza kujiwekea malengo, kuchagua cha kujifunza na namna ya kukijifunza, kufuatilia maendeleo yake na kujipima. Wengi wetu tunaishia hapo. Tunasahau sehemu ya pili ya hoja yake: uwezo huo mtu hazaliwi nao. Aghalabu hufunzwa. Basi mhadhiri anayemwambia mwanafunzi ajitegemee bila kumwonyesha vipi, anamdai asichompa.

Wahenga walilimaliza jambo hili zamani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zingatia kwamba hawakusema ya tatu mfukuzie shambani. Jembe hutolewa na mwenyeji. Wala hakuna mwalimu wa madini anayemtuma mwanafunzi shimoni bila kofia ya chuma na taa. Mbona katika lugha tunaona sawa kumtuma gizani?

Historia ya Taita yenyewe ina funzo. Johannes Rebmann, mmishonari Mjerumani, alipita nchi hii mwaka wa 1848 akielekea Kilimanjaro. Baadaye, akiwa Rabai, alijifunza lugha ya Wanyanja wa pande za Ziwa Nyasa bila darasa wala kitabu cha kiada. Je, alijifunza peke yake? Hata kidogo. Alikuwa na Salimini, mtu aliyetolewa kwao utumwani, ambaye ndiye aliyempa maneno. Kamusi iliyotokana na kazi hiyo ilichapishwa mwaka wa 1877. Kujitegemea si kuwa mpweke. Anayejifunza lugha bila mhadhiri bado anahitaji mtu wa kumwambia, "Hapana, hivyo hatusemi."

Isitoshe, vijana wetu si wageni wa kazi hii. Mwanafunzi aliyelelewa Wundanyi huja chuoni na Kidawida cha nyumbani, Kiswahili cha stejini na Kiingereza cha shule. Aliyekulia Taveta amesikia sokoni Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania vikipigiana bei. Ni mhadhiri gani huwauliza walivyozipata lugha hizo? Wangemwambia kwamba waliiga, walikosea, walichekwa, wakarudia. Hiyo ni mbinu tosha ya kuanzia Kijerumani, ila tunaiacha nje ya mlango wa darasa.

Kikwazo kikubwa zaidi ni mtihani. Sote tumelisikia swali hili: "Mwalimu, hii itakuja kwa mtihani?" Tunaliita uvivu. Mimi naliita hesabu. Katika kozi nyingi mtihani wa mwisho hubeba alama 70, na humpima mwanafunzi kwa noti alizopewa. Aliyetumia wikendi nzima na bando lake kusikiliza habari za Kijerumani hapati chochote, naye aliyekariri noti, au hata aliyeingia na mwakenya, anampita. Hatuwezi kuhimiza uhuru kwa mdomo na kuuadhibu kwa kalamu.

Nini kifanyike? Kwanza, kila wiki mwanafunzi ajiwekee lengo dogo linalopimika, mathalan kueleza kwa Kijerumani kanuni tano za usalama mgodini. Pili, aweke shajara ya alichofanya, kilichomshinda na atakachobadilisha. Tatu, awe na mwenzake wa kumsikiliza na kumsahihisha, na ajirekodi kwa simu ili mwezi ujao ajilinganishe. Nne, na hili ndilo muhimu, kazi hiyo ipewe alama. Najua wahadhiri watasema madarasa yamefurika. Ni kweli. Lakini si lazima kusoma shajara zote kila wiki. Kumi kwa zamu zatosha kumfanya kila mmoja aandike.

Mtaala wa Umilisi umeweka kujifunza namna ya kujifunza miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Watoto wanaofunzwa hivyo wako njiani kuja vyuoni. Itakuwa aibu wakifika na kukuta mhadhiri bado anasoma noti zilezile, kisha anakunja karatasi zake na kusema, "Nendeni mkajisomee."