Masikio ya Sikiokuu na Simu Yangu

Nilisoma riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Mũrogi wa Kagogo, mwaka nilioacha chuo kwa kukosa karo. Nakala yangu ilikuwa ya Kiingereza, tafsiri yake mwenyewe iliyotoka 2006. Nilikuwa nyumbani kwa shangazi, Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda. Nilicheka hadi shangazi akaniuliza kama niko sawa.

Walionichekesha ni wale mawaziri. Mmoja alikwenda London kupanuliwa macho ili awaone maadui wa Mtawala popote wajifichapo. Mwenzake, kwa wivu, akaenda Paris kukuzwa masikio. Wanaitwa Machokali na Sikiokuu. Hebu angalia: kitabu kiliandikwa kwa Kikuyu, lakini wapelelezi wana majina ya Kiswahili. Msomaji wa London anaweza kupita hapo bila kushtuka. Sisi Waturkana hatupiti. Babu yangu alikijua Kiswahili kwanza kama lugha ya askari.

Hata hivyo, baada ya kicheko nilikuwa na lalamiko. Niliona kitabu kimepitwa na wakati. Sikio kubwa kichwani mwa waziri si tishio sana, maana unaliona linakuja, unanyamaza, linapita, unaendelea. Hapa Lokiriama, mwaka 1973, wazee wa Turkana na Wamatheniko wa Uganda walifanya mapatano wakazika silaha ardhini. Walizungumza ana kwa ana. Aliyesikia alionekana akisikia.

Leo mambo si hayo. Mei 2, 2025, polisi walikamata watengenezaji filamu wanne jijini Nairobi kuhusiana na filamu ya BBC, Blood Parliament, iliyochunguza mauaji ya waandamanaji nje ya Bunge Juni 25, 2024. BBC ilisema wanne hao hawakuhusika na filamu hiyo. Waliachiliwa, lakini vifaa vyao vilibaki kwa polisi. Septemba, ikatangazwa kwamba watafiti wa Citizen Lab, wa Chuo Kikuu cha Toronto, walikuta programu ya FlexiSPY imeingizwa kwenye simu zilipokuwa mikononi mwa polisi. Programu hiyo inauzwa tu, kama bidhaa nyingine. Inasoma ujumbe, inafuata ulipo, inaweza kuwasha maikrofoni simu ikiwa mezani. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda siri ya mawasiliano yetu. Programu haisomi Katiba.

Ndiyo maana nilisema Ngũgĩ alikosea. Sikio halimo tena kichwani mwa waziri. Limo mfukoni mwangu, na ni mimi ninayelichaji kwa sola na kulinunulia bando.

Kisha rafiki yangu wa Kakuma akanipigia. Alikuwa amenitumia hadithi fupi, nimsaidie kuisahihisha: mama anapanda basi la usiku kwenda Nairobi kumtafuta mwanawe baada ya maandamano. Alikuwa amesikia ile habari ya simu. "Ifute," akaniambia. "Futa na meseji zote." Nikamuuliza, kuna mtu amekutisha? Akasema hakuna. Simu yake haijawahi kushikwa na polisi yeyote. Nikafuta.

Usiku huo nilimfungua tena Sikiokuu, na nikalazimika kuondoa lalamiko langu. Masikio yake ni makubwa ili yaonekane. Kazi yake kuu si kusikia, ni kutufanya tujue kwamba kuna sikio. Ile habari ya Nairobi ilifika Kakuma ikafanya kazi hiyohiyo, bila mtu kuhitaji kusikiliza chochote. Ngũgĩ, aliyefariki Mei 28, 2025, wiki chache tu baada ya simu hizo kuchukuliwa, alikuwa ameshaieleza.

Kwa hiyo mhariri akiniuliza nihakiki hadithi bora niliyoisoma mwaka ule, jibu ninalo, na siwezi kulitoa. Haikuwa na jina la waziri wala la polisi. Ilikuwa na mama, basi, na chupa ya chai. Nakala haipo tena kwangu, na mwandishi wake anasema hata yeye hana.