KUAINISHA AU KUPANGA MAFUNGU?

Katika tafsiri zihusuzo utengenezaji wa tovuti, tumekutana zaidi ya mara moja na istilahi "uainishaji wa kadi". Njia yenyewe ni nyepesi. Kila habari ya ofisi huandikwa katika kadi yake, kadi zikachanganywa, akakabidhiwa mwananchi. Naye huweka pamoja zile azionazo kuwa za jamaa moja, kisha hulipa kila kundi jina. Tovuti hupangwa kwa kufuata mkono wake.

Istilahi hiyo ina kasoro. Kuainisha ni kutia vitu katika aina zilizokwisha kuwekwa. Mkulima wa Usukumani atengapo pamba safi na pamba fifi huainisha, maana madaraja hayo hakuyatunga yeye. "Kuchambua" nako hakufai: Mwanza neno hilo ni la kinu kitoacho mbegu katika pamba, ilhali katika kadi hatutafuti cha kuondoa.

Twende basi Mwaloni, Kirumba. Samaki huuzwa kwa fungu, na fungu hupangwa na muuzaji kwa jicho lake, akimfikiria mnunuzi. Wataalamu wamehesabu mamia ya spishi za furu katika Ziwa Viktoria (wengi wao walitoweka baada ya sangara kupandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960). Mvuvi huwaita wote furu, akawatenga na sato na dagaa. Hakukosea. Amepanga kwa matumizi yake, na hilo ndilo kadi zinalolitafuta.

Kwa hiyo twapendekeza "upangaji mafungu kwa kadi". Pale majina ya makundi yatolewapo mapema na ofisi, hapo tu "uainishaji" ungefaa.

Jambo hili si la maneno matupu. Ofisa asomaye "uainishaji" hudhani ni kazi ya mtaalamu. Hujifungia ofisini akapanga tovuti kwa idara na vitengo. Mvuvi wa Ukerewe hajui leseni yake ni ya kitengo gani. Kwake leseni, mtumbwi na nyavu ni fungu moja.

Wako watakaodai kuwa fungu ni neno la sokoni, halina hadhi ya kitaalamu. Tunawakumbusha kwamba sheria zetu zina vifungu, na makadirio ya fedha ya Serikali huletwa Bungeni kwa mafungu, kila fungu na namba yake.